Saa ya Profesa Rumpf

Kwa neno kabichi kidole cha Emmerich hakikuchelewa kubonyeza kitufe. Kwa soseji hakikuchelewa. Kwa jina la Hulda, mchumba wake, kilichelewa.

"Tena," alisema Bi Alwine, mama yake Hulda. Alikuwa ameketi kando ya ile saa ya kupimia, akiikodolea, hata kupepesa macho hakupepesa. Marehemu mumewe alikuwa na nyumba ya pili kule Dresden kwa miaka tisa, naye hakujua lolote. Mwanawe hangeingizwa kwenye shimo hilo.

Profesa Rumpf akabana tena midomoni mwake lile koleo dogo la shaba, lililounganishwa na saa kwa waya. Alipofungua tu kinywa kutaja neno, koleo liliachia na mshale wa saa ukaanza kukimbia. Emmerich aliposikia neno na kubonyeza kitufe, mshale ulisimama. Saa ile iliigawa sekunde moja vipande elfu, na Leipzig nzima iliisifu. Wachungaji walisema roho haipimiki. Profesa aliwajibu kwamba kinachotumia muda kinapimika.

Kiti, vipande mia mbili. Mvua, mia mbili. Hulda, mia tano.

"Moyo unaoficha jambo huchelewesha kidole," alisema profesa kwa upole, akifuta midomo. "Sisemi ana mwanamke mwingine, Bi Alwine. Mimi nasoma saa tu."

"Mama, nimebonyeza palepale nilipolisikia," alisema Emmerich. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, gundi imemganda mpaka kwenye kucha.

"Kwa soseji unakimbia, kwa mwanangu unajikokota," alisema Bi Alwine. "Basi nenda ukaoe soseji."

Pete ilirudishwa jioni ileile. Hulda alilia wiki tatu.

"Mama, wewe unaamini chuma kuliko mimi?"

"Mwanangu, chuma hakijui kudanganya. Baba yako alijua."

Emmerich alipanda meli kwenda Brazili, na kabla ya mwaka kuisha homa ya manjano ikamzika huko. Profesa, ambaye tangu zamani alikuja kwao kunywa kahawa kila Jumapili, aliendelea kuja. Sasa alileta na maua. Bi Alwine akamsukuma binti yake: mtu mzima huyu, mtulivu, mwenye cheo, hana Dresden. Hulda akaolewa naye. Yeye aliyekuwa akiimba hata akimenya viazi, sasa alimenya kimya.

Siku moja Bi Alwine alimpelekea mkwewe chakula maabara, akamkuta anahangaika. Msaidizi wake wa kubonyeza kitufe alikuwa mgonjwa.

"Nipe mimi kiti hicho," alisema Bi Alwine. "Kidole ninacho."

"Utachoka, mama."

"Nimefua nguo za watu miaka ishirini, nichoshwe na kitufe? Na jina la mwanangu uliweke humo. Uone kidole cha mzazi kinavyokimbia."

Profesa alitabasamu kidogo, akabana koleo.

Safari hii saa ilikuwa nyuma ya Bi Alwine. Mbele yake ulikuwa uso wa mkwewe.

"Kabichi." Akabonyeza.

"Mvua." Akabonyeza.

Kisha midomo ya profesa ikafunguka. Koleo likaachia, saa ikaanza kukimbia nyuma ya mgongo wa Bi Alwine, na kinywa kikabaki wazi, hakina neno. Ndipo likatoka.

"Hulda."

Bi Alwine alibonyeza palepale alipolisikia, akageuka kuitazama saa.

Mia tano.