Bi Macho Alivyouaga Mlango

Sogeeni hapa miguuni pangu, na huyo anayetafuna muwa auweke chini, nisikie mnavyopumua tu.

Bi Macho, nyuki wa gizani, kila akitoka wakati wa magharibi aligeuka kwanza, akautazama mlango wake, tundu kwenye tawi, akayumba kushoto na kulia, ndipo akaenda zake taratibu. Jirani yake Bi Haraka, nyuki wa mchana, akamcheka.

"Shoga, unauaga mlango? Kwani unahama?"

"Nauweka machoni. Gizani nitauhitaji."

Siku moja jua likizama, mtoto wa Bi Haraka akalia njaa. Mama akachomoka mbio, hakugeuka. Chakula alikipata, lakini kurudi, gizani matawi yote yakawa sawasawa. Akajigonga huku, akajigonga kule, anamsikia mwanawe analia asijue ni wapi.

Bi Macho akapita polepole. "Nifuate, shoga. Nilipotoka niliutazama na mlango wako."

Mtoto akala. Mama mtu akajifunika uso kwa mabawa.

Basi watoto wa Bi Macho wakarithi kule kugeuka mlangoni. Wa Bi Haraka wakarithi aibu ya mama yao: jua likishuka tu, wote wako ndani.