Hati Zenye Miguu

Hati ya kumfukuza kazi Nyevu iligoma kwenye hatua ya mwisho, na Hamid akaipiga kompyuta kofi.

Ilikuwa imekwenda vizuri. Ilitoka ofisini kwake Shimanzi, Mombasa, asubuhi, ikapita Nairobi kwa mhasibu, ikazuka Dar es Salaam kwa mwanasheria, na kote ilikopita ikaambiwa ndiyo. Ilibaki idhini moja tu, ya meneja wa Mombasa. Hamid akabonyeza. Hati ikakataa.

Na yeye ndiye aliyezisifu mno hati hizi za kompyuta zilipoletwa, mwaka ule wa tisini na nane. "Tarishi wa nini tena?" aliwaambia makarani wa kampuni yao ya uchukuzi, yeye akiwa meneja wao. "Karatasi sasa ina miguu na akili. Yamjua imtakaye, yamwandama yenyewe popote alipo, na akizembea yamkumbusha."

Tangu hapo, kila asubuhi, alizibonyezea zote ndiyo, moja baada ya nyingine, kama mtu apukuchuaye mahindi. Kusoma, alisema, ni kazi ya wadogo.

"Ungezitupia jicho, Bwana Hamid," Nyevu, karani wake, alimshauri siku moja.

"Jicho litupie kazi yako."

Lakini tangu mwezi jana Nyevu hakufanya kazi yoyote. Alifika, akawaamkia watu, akaketi dirishani kuyatazama malori. Faili hata moja hakugusa. Hamid alivumilia mpaka nyongo ikampanda, ndipo akaiandika ile hati. Kwamba Nyevu ana watoto Majengo na hana mume, hilo halikumkosesha usingizi.

Akashuka ngazi hadi mezani kwake.

"Usichekelee! Fundi akiitengeneza mashine, huna kazi. Hati yako imekwama tu."

"Haikukwama, Bwana Hamid," akasema Nyevu, akisimama kwa adabu. "Imeshafika kwa meneja. Nimeiona."

"Meneja gani?"

"Hati ya kuniteua ilipita kwako mwezi jana, ukaipa ndiyo. Nami niliona haya kukuondosha kitini. Nikasema nikungoje, huenda siku moja ukaisoma ile ya kukustaafisha."