Gauni Jekundu

Wingu jeusi lilipotanda, mji mzima ulifunika vioo kwa shuka, radi isije ikavutwa na mng'ao. Nyamizi hakufunika. Mwaka jana radi ilimuua mumewe shambani, na watu wakasema aliyeiita ni yeye na gauni lake jekundu. Leo alilivaa, akaketi mbele ya kioo, akaanza kusuka nywele.

Mama mkwe aliingia akitweta, shuka mkononi. "Funika, mwanangu. Utatuua."

"Siku ile nilifunika vyote mwenyewe, mama. Na gauni lilikuwa sandukuni. Leo acha inione."

Radi ikapasua anga, chumba kikawa cheupe. Kiooni walionekana wote wawili. Mama mkwe aliweka shuka chini, akachukua kitana, akaanza kumsuka kisogoni.