Tiketi ya Nuriati

Mzee Shekue aliiweka mezani tiketi ya bintiye ya kwenda kutibiwa ng'ambo, aliyokuwa ameitia plastiki ngumu isije ikachakaa. Juu yake akaweka barua ya ubalozi ya kumnyima viza.

"Viza ikikataliwa nauli hairudi, mzee wangu," karani wa shirika la ndege alisema huku akipuliza chai. "Tunarudisha ya aliyefariki tu. Ukileta cheti cha kifo kabla ya Ijumaa, siku ya safari, unapata yote."

Nje, Nuriati alikuwa ameegemea ukuta, ameshika ubavu, jasho likimchuruzika.

"Wamesemaje, baba?"

Mzee Shekue aliifuta tiketi kwa upindo wa shati, taratibu, mpaka jina la bintiye likang'aa.

"Wametupa mpaka Ijumaa, mwanangu."