Nakala Mpya Kuliko Zote Mtaani

Mtaani kwetu kila nyumba hutunza nakala yake ya programu ya pamoja, ile inayoendesha maji, majiko na milango. Kila Ijumaa asubuhi huletwa mabadiliko, na mimi ndiye wa kwanza kuyapokea. Miaka tisa taa yangu ya kijani, ile inayoonyesha kuwa nakala ni mpya, haijazimika hata mara moja! Jirani yangu, Bi Mwanahamisi, husoma kwanza kila mstari, ndiyo maana nakala yake iko nyuma miezi mitatu. Mimi ningeona haya kutoka nje.

Leo Ijumaa, mabadiliko yakiwa yameshaingia, mume wangu Shaibu aliporudi kutoka sokoni, mlango wetu ulimjibu kwa adabu, "Samahani, wewe si mkazi wa nyumba hii."

Nikauvuta kutoka ndani. Haukufunguka.

"Shemeji, njoo kwangu," Bi Mwanahamisi akamwita. "Wangu bado unakujua."

Juu ya mlango, taa yetu ya kijani ilikuwa inawaka, ya kwanza mtaa mzima.