Ibara ya Pilipili

Pilipili alibonyeza "tuma" kwa nguvu mpaka chai ikamwagika mezani. Hakuifuta. Ilikuwa barua yake ya mia tatu na sita kwa kamati mwaka huo, na ilianza hivi: "Nimechoshwa na watu wa maneno matupu!"

Jina la Pilipili alipewa na wenzake wa mtandaoni, na hawakukosea. Miaka sita nyuma, akiwa karani wa zahanati, aliandika programu ya kupanga foleni ya wagonjwa. Akaitoa bure, yeyote aitumie, yeyote airekebishe. Ilikuwa mtoto wake wa kwanza, kabla hata ya mapacha. Kosa lake moja tu: aliiunganisha na programu kubwa ya mafaili ya wagonjwa, na tangu hapo kamati moja ikawa inaziamulia zote mbili. Kubadilisha kitufe kimoja, ruhusa uombe huko. Jamani, hata mpangaji si ana ufunguo wake?

"Tutengane," alidai. "Programu mbili, kamati mbili. Mafahali wawili hawakai zizi moja."

Aliyemchefua zaidi ni Mwenyekiti, mzee mpole asiyejibu matusi. Upole wenyewe ndio uliompandisha hasira.

"Kazi yake kukalia kiti tu," Pilipili alimwambia mumewe. "Programu yangu hajui hata inafunguliwaje!"

"Sawa, mama mapacha," mumewe alijibu huku akiifuta ile chai. "Lakini zahanati si walilalamika namba za foleni zinajirudia? Uliwaahidi tangu mwaka juzi."

"Imeshatengenezwa."

"Na nani?"

"Wapo watu, bwana! Usinipotezee muda, kuna mtu namjibu."

Mwishowe kamati ilichoka, ikakubali watengane. Pilipili akaachiwa aandike katiba ya programu ya foleni. Aliimaliza kwa siku moja, meno ameyauma. Sumu yote aliitia kwenye ibara ya saba: ambaye hajaandika wala kurekebisha hata mstari mmoja wa programu hii ndani ya miezi kumi na miwili hana kura, hana cheo, wala asigombee chochote. Hapo ndipo atakapokoma, yule mkalia kiti!

Kwenye kikao cha mwisho Mwenyekiti aliomba neno moja.

"Mwanangu, hiyo ibara ya saba una hakika nayo? Bado tunaweza kuilegeza."

"Ahaa, imekuchoma!" Pilipili alidakia. "Haibadilishwi hata nukta. Na ianze kutumika mara moja."

Mzee alikohoa kidogo, akaitisha kura. Katiba ikapita bila kupingwa.

Jumamosi asubuhi kompyuta ilikusanya yenyewe orodha ya wanachama wenye kura, kutoka kwenye kumbukumbu za kazi ya mwaka mzima. Pilipili akamwita mumewe, akawaita na mapacha, waje wamwone mama yao akikabidhiwa nyumba yake. Wakajipanga nyuma ya kiti. Akafungua.

Majina yalikuwa tisa. La kwanza lilikuwa la Mwenyekiti, marekebisho mia mbili na kumi na manne. Pilipili aliteremka mpaka chini, akapanda juu, akateremka tena. Lake halikuwamo.