Selotepu kwenye Kaseti

Scola, mchumba wa mwanangu, alisimama mlangoni mwa fleti yangu ya South Beach na trei ya mayai ya keki ya harusi. Mezani aliona kaseti ya video yenye picha yake, nusu uchi.

"Eish! Mama, umeitoa wapi?"

"Duka la video ninakofanya kazi, Pinetown. Umecheza filamu ngapi kama hii?"

"Sita. Niliacha mwaka juzi."

"Mwanangu anajua?"

"Anajua. Ninayemwogopa ni wewe."

Mayai yalikuwa yanagongana kwenye trei.

Nilikata selotepu, nikaziba kile kitundu cha ukingoni ili kaseti ikubali kurekodiwa upya.

"Jumamosi mpe mpiga video airekodi harusi humu," nilisema. "Sasa weka hayo mayai chini kabla hujayavunja."